Mnajiremba kwa Ajili ya Nani?



Jumamosi moja ya likizo iliyopita, nyuma ya nyumba ya katekista katika kigango kimoja cha Muleba, tulikuwa wanne mbele ya kioo kimoja kilichotundikwa kwenye mparachichi. Chini kulikuwa na beseni la maji ya moto, juu ya kigoda kikombe cha bati chenye sabuni, na mashavu yetu yalikuwa meupe kwa povu hadi masikioni. Mama mmoja wa jumuiya alikuwa akipita na ndoo ya maji kichwani. Akasimama, akatutazama kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akauliza: "Mafrateri wangu, mnajiremba kwa ajili ya nani?" Akaenda zake akicheka, na ndoo haikumwaga hata tone.

Tulicheka pia, lakini swali lile lilitufuata hadi seminarini. Tumeona afadhali tulijibu hapa, mbele ya wote, kwa kuwa tunajua si yeye peke yake anayejiuliza.

Sisi tunaoandika ni mafrateri wanne. Wawili tumetoka parokia za upande wa Bukoba, wawili Muleba, na huu ni mwaka wa pili tuna mazoea ambayo wenzetu bwenini wameyaita "ibada ya Jumamosi", jina ambalo Baba wa Kiroho hakulipenda hata kidogo. Baada ya kazi za mikono na kufua, kabla ya masifu ya jioni ya kuamkia Dominika, tunanyoa ndevu kwa namna ya wazee: maji ya moto, sabuni inayopigwa kwa brashi mpaka itoe povu zito, na wembe wa kawaida wa pande mbili uliofungwa kwenye kishikio cha chuma. Hatuna haraka. Mtu mmoja anaweza kuchukua nusu saa. Tunafanya hivyo kwa sababu tunafurahia, na tunaona tulikiri hilo mapema, maana mseminari akisema anafurahia jambo ambalo si mpira wala kwaya, watu huanza kutafuta tatizo liko wapi.

Asubuhi za kwetu mnazijua. Ukungu unapanda kutoka Nyanza, maji ya tenki yamelala nje usiku kucha, kengele imeshalia, na watu wengi wanagombea mabomba machache. Katika hali hiyo mtu hanyoi, anakwangua. Anajipaka sabuni ya kufulia, anapitisha kiwembe cha plastiki kilichokwisha ukali tangu wiki juzi, anajikata chini ya kidevu, anabandika kipande cha karatasi juu ya damu, na anaingia kanisani shingo ikiwaka kama aliyepitiwa na siafu. Tumeishi hivyo miaka mingi tukidhani ndivyo kunyoa kulivyo. Wengine wakahamia mashine ya umeme ya saluni, wengine ile poda yenye harufu ya yai bovu. Hatuwalaumu, kila mmoja alikuwa anakimbia maumivu yake.

Aliyetuonyesha njia nyingine ni mzee mmoja mwenyeji wa Kamachumu, mwalimu mstaafu, ambaye hapendi kutajwa jina na tumemwahidi. Tulikwenda kwake tukiwa katika utume wa likizo kumpelekea salamu za Paroko. Tulimkuta uani, asubuhi, kwenye kiti cha uvivu, taulo shingoni, ndiyo kwanza anaanza. Hakusimama. Alitukaribisha kwa mkono uliokuwa na brashi, akatuambia tuketi, naye akaendelea. Basi tulikaa tukamwangalia mzee wa zaidi ya miaka 80 akijinyoa bila kioo, huku akituuliza habari za seminari, na mkono wake ukitembea usoni kama mtu anayepapasa njia ya nyumbani usiku. Alipomaliza alijisuuza kwa maji baridi, akachukua jiwe la shabu lililolowa, akajipaka shavu zima, akakaa kimya kidogo likiwasha. Kisha akasema, "Sasa salamuni."

Kishikio chake ni kile cha zamani, cha kufungua kwa kuzungusha mpini. Alikirithi kwa baba yake, mkulima wa kahawa, aliyekinunua Bukoba mjini kwa fedha za mavuno siku ambazo hakumbuki tena ni mwaka gani. Vishikio vya namna hiyo vilienea duniani kutokana na kazi ya Mmarekani mmoja, King Camp Gillette, ambaye alipata hataza yake mwaka 1904. Mwaka wa kwanza wa mauzo, 1903, aliuza vishikio 51 tu na nyembe 168. Kabla yake mwanaume alinyolewa kwa kisu cha kukunja, kilichonolewa kwa jiwe na ukanda wa ngozi, na kukitumia bila kujikata kulihitaji mkono wa kinyozi mzoefu. Wembe mwembamba wa kutupa ndio uliomfanya mtu wa kawaida awe kinyozi wake mwenyewe. Na muundo ule haujabadilika sana kwa miaka zaidi ya 100, hata wembe wa Topaz au Nacet ukinunuliwa leo dukani Muleba unaingia bila shida kwenye chuma cha baba yake mzee yule.

Hapa mturuhusu tuwe Wahaya kidogo. Tunajua majirani zetu wanatuita "nshomile", na kwamba Mhaya akinunua brashi ya kunyolea kijiji kizima kitajua imetoka wapi. Lakini habari ya chuma tunayo haki nayo. Miaka ya 1970 mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt alifanya kazi na wazee wa Buhaya, Katuruka ya Maruku ikiwa mojawapo ya sehemu alizochimba, na wazee wale wakajenga upya tanuru la kuyeyushia chuma kama walivyokumbuka kutoka ujanani. Yeye na mwenzake Donald Avery waliandika mwaka 1978, katika jarida la Science, kwamba watu wa magharibi mwa ziwa hili walikuwa wakitengeneza chuma cha pua kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Siri ilikuwa katika mirija ya udongo iliyoingizwa ndani ya tanuru, hewa ya mivuo ikapata moto kabla ya kufika kwenye makaa, pamoja na majani ya kinamasi yaliyochomwa na kupangwa chini. Chuma cha pua ndicho kinachoshika makali. Tunaposhika wembe, kwa hiyo, hatuamini sana tukiambiwa kwamba tumeiga mambo ya Wazungu.

Lakini turudi uani Kamachumu, kwa sababu mzee hakuishia kutuonyesha. Alitufundisha, na somo lake lilichukua Jumamosi nne.

La kwanza halikuwa na wembe kabisa. Alitupa kazi ya kupapasa nyuso zetu kwa vidole, ndevu za siku mbili, ili tujue zinalalia upande gani. Tulidhani ni mzaha. Kumbe ndevu hazielekei upande mmoja: za mashavuni hushuka, za chini ya taya kwa mmoja wetu zinakwenda kando kuelekea sikio, na kwa mwingine shingoni zinapanda juu na kufanya kizunguzungu kama maji yanayoingia shimoni. Asiyejua ramani ya uso wake ataupitisha wembe kinyume bila kujua, na nywele zetu Waafrika, zilizojikunja, zikikatwa karibu mno huchomoza zikiwa zimepinda na kurudi ndani ya ngozi. Hapo ndipo vipele vya ndevu vinapoanzia. Tulikuwa tukivilaumu sabuni, maji, hata chakula cha seminari.

La pili lilikuwa povu. Mzee anatumia kipande cha kawaida cha sabuni ya kunyolea alichokigandamiza chini ya kikombe. Brashi inalowekwa maji ya moto, inakung'utwa, inazungushwa juu ya sabuni kwa dakika nzima au zaidi, maji yakiongezwa matone kwa matone. Mwanzo linatoka povu jepesi la mapovu makubwa kama la kufulia. Usikubali hilo. Endelea mpaka lifanane na uji mzito wa ulezi uliopoa, lenye kung'aa, lisilodondoka brashi ikiinuliwa. Kisha unalipaka usoni kwa mizunguko, na hapo ndipo ilipo raha ambayo hatujui kuieleza kwa mtu ambaye hajawahi kuionja: joto lile, nywele za brashi zikikuna ngozi iliyochoka, harufu ya sabuni, na huku hakuna anayekuita. Tumeona mwenzetu aliyekuwa na mtihani wa metafizikia Jumatatu akisinzia na povu usoni.

La tatu ndilo wembe, na mzee alikuwa mkali. "Mkono usitie nguvu," alisema, "chuma kina uzito wake, kiache kifanye kazi." Unaegemeza kichwa cha kishikio shavuni, unashusha mpini taratibu mpaka usikie wembe umegusa, unavuta kidogo tu, urefu wa kucha mbili, unasuuza, unavuta tena. Ngozi unaivuta kwa mkono wa pili. Unafuata ndevu zinakolalia. Ukimaliza uso mzima unapaka povu tena na kupita mara ya pili, safari hii kwa kukingama. Kinyume cha ndevu, kwa watu wa nywele kama zetu, alisema tusiende, na daktari tuliyemuuliza baadaye alisema hivyohivyo. Mmoja wetu ambaye vipele vyake vilikuwa vibaya aliambiwa na daktari huyohuyo aachane na wembe kabisa, apunguze tu kwa mashine. Ametii. Bado anakuja Jumamosi, anapiga povu la wenzake, na anadai ndiye bingwa wa povu kati yetu. Hatumpingi.

Jumamosi ya nne hakutufundisha chochote. Tulinyoa, yeye akakaa anatazama, akasimulia. Na hapo ndipo tulipopata sababu ya kuandika makala hii.

Alitukumbusha kwamba wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitambuliwa katika mkoa wetu, mwaka 1983. Hilo tulilijua kutoka darasani. Tusilolijua ni lilivyoingia uani kwa watu. Zamani, alisema, wembe ulikuwa kitu cha nyumba, si cha mtu. Baba alinyoa, akamnyoa kaka yake, akamnyoa mwanawe mkubwa, na katika msiba, pale ambapo ndugu walinyoa nywele, wembe ulipita vichwa vingi. Kisha zikaja semina, mabango, mahubiri: msichangie wembe. Watu wakatii, na ilikuwa lazima watii. Kila mmoja akawa na wembe wake, au akaacha wembe kabisa.

"Ila wembe ulipoacha kuchangiwa," mzee alisema, "na kiti kikaacha kuchangiwa." Alimaanisha kile kiti cha uani ambacho kijana aliketi akanyolewa na mkubwa wake. Na wakubwa wenyewe wakaanza kupungua. Nyumba baada ya nyumba, Bukoba na Muleba, walibaki bibi na wajukuu. Yeye mwenyewe alizika watoto watatu. Baba zetu sisi, wengi wao walikuwa watoto au vijana katika miaka ile ya 1980 na 1990, na walikua bila mtu wa kuwaonyesha jinsi ya kushika wembe. Walijifunza gizani, kwa kujikata. Walipotuzaa sisi hawakuwa na la kutuonyesha, wakadhani hakuna la kuonyesha. Tulipopiga hesabu bwenini, kati yetu wanne hakuna hata mmoja aliyefundishwa kunyoa na baba yake, ingawa baba zetu watatu wako hai na ni watu wema.

Huenda mtu akasema jambo dogo hilo, kunyoa si kulima, si kusali. Tunakubali ni dogo. Lakini mmoja wetu ana kovu chini ya taya la kulipatia ukubwa. Alikuwa kidato cha pili, katika shule ya bweni ambayo haina haja ya kutajwa. Ndevu zilianza mapema, wenzake wakamcheka, na aliona aibu kumuuliza mwalimu yeyote. Usiku, chooni, bila taa, alitumia wembe aliouokota dirishani, wembe wa mtu mwingine asiyemjua, bila sabuni wala maji. Alijikata vibaya. Lakini damu haikumtisha kama kesho yake, alipokumbuka ule wembe ulikuwa wa nani: hakuwa na jibu. Alikaa na hofu ile peke yake zaidi ya mwaka mzima, hadi siku walipopimwa wengi shuleni na yeye akapata majibu yaliyomruhusu kulala. Mwaka mzima wa hofu, kwa kukosa mtu mmoja wa kumwambia: njoo mwanangu, keti hapa, huu wembe ni wako, hivi ndivyo unavyoshikwa. Na tusisahau kwamba homa ya ini nayo hupita kwa wembe.

Kanisa lina mtakatifu anayelielewa jambo hili kuliko sisi. Martin de Porres, wa Lima, Peru, alizaliwa mwaka 1579, mtoto wa bwana wa Kihispania na mama mweusi aliyekuwa mtumwa akaachiwa huru. Baba hakuwa tayari kumkiri mtoto mwenye rangi ya mama yake, na malezi yakawa ya kubahatisha. Akiwa bado mvulana aliwekwa kwa kinyozi ajifunze kazi. Kinyozi wa siku zile alinyoa, alifunga vidonda, aling'oa meno na kutoa damu kwa wagonjwa. Kijana asiye na baba karibu alipata mtu mzima aliyemwekea wembe mkononi na kumfundisha autumie bila kuumiza. Kazi hiyohiyo aliingia nayo kwa Wadominikani, akanyoa ndugu zake na kuuguza maskini wa Lima hadi alipofariki 3 Novemba 1639. Papa Yohane XXIII alimtangaza mtakatifu mwaka 1962. Ni msimamizi wa vinyozi, na tunashangaa kwamba hatujaona picha yake katika saluni hata moja ya Bukoba, wakati picha za wachezaji mpira zimejaa ukuta mzima.

Sasa swali la mama yule. Mnajiremba kwa ajili ya nani? Lina uzito, kwa maana majivuno ya padre huanza mbele ya kioo. Tumewaona wenzetu, na tumejiona wenyewe, tukigeuza shavu huku na huku kuliko haja. Sheria ya Kanisa ya 1983 haisemi lolote kuhusu ndevu, lakini katika kanuni ya 282 inawataka makleri waishi maisha ya kawaida na kuepuka lolote lenye sura ya ubatili. Hatudhani nusu saa ya Jumamosi inavunja kanuni hiyo. Bwana mwenyewe, katika Mathayo 6, anamwambia anayefunga aoshe uso na kujipaka mafuta, asijikunjie uso ili aonekane. Na makleri wa zamani waliingia katika hali yao kwa mkasi: askofu aliwakata nywele kidogo, ile tonsura, mpaka Papa Paulo VI alipoiondoa mwaka 1972. Mapadre wetu wakongwe kabisa waliipokea. Wanajua kwamba nywele zinaweza kuwa sadaka kama zinavyoweza kuwa pambo.

Wengine wametupinga kwa upande mwingine kabisa. Padre mmoja alituuliza kwa utani kwa nini tusifuge tu kama Mapadre Weupe waliofika Kashozi mwaka 1892. Ni kweli, tazameni picha zile za kale: kanzu nyeupe, rozari shingoni, ndevu hadi kifuani. Waliotuletea imani hawangekuwa na kazi yoyote na brashi yetu. Jibu letu ni kwamba afuge anayependa. Kardinali Laurean Rugambwa, mtoto wa huku kwetu, anaonekana katika picha zake kidevu kikiwa kimenyolewa vizuri, na hakuna aliyemwona hana heshima ya kizee.

Hatari ya kweli tunaiona kwingine, na hapa tunajisema wenyewe. Burudani yoyote ya vitu huzaa tamaa ya vitu. Mwaka wa kwanza tulikuwa na kishikio kimoja kila mtu, kwa zawadi au kwa kubahatisha kwenye mitumba. Kisha mmoja akasikia kuna brashi nzuri Kampala, akamwagiza dereva wa lori apitie nazo Mutukula. Mwingine akaanza kutafuta sabuni yenye harufu ya msandali. Kuna watu duniani wana vishikio 50 kabatini na uso mmoja. Tulipojikuta tukibishana mezani juu ya brashi ya manyoya ya nguruwe na ya nailoni, na wenzetu wa meza wamenyamaza kwa sababu hawana hata moja, tuliona aibu. Tukaweka utaratibu: kishikio kimoja, brashi moja, sabuni inayopatikana dukani kwetu. Wembe mmoja haufikii bei ya soda, na unanyoa mara nne au tano kabla haujaanza kuvuta. Kwa hesabu hiyo ni nafuu kuliko viwembe vya plastiki, na hakuna plastiki ya kutupa shimoni. Aliyekuwa na sabuni ya msandali alimpelekea mzee wa Kamachumu, ambaye aliinusa akairudisha. Alisema inanuka kama harusi.

Tuna maombi mawili, na tunayasema kwa heshima. La kwanza ni kwa walezi wa seminari ndogo na walimu wa shule za bweni: wiki ya kwanza ya muhula, mbali na kuonyesha vijana mahali pa kuchota maji na ratiba ya chapeli, aonekane mtu mzima mmoja mwenye beseni na kioo, awaonyeshe jinsi ya kunyoa. Saa moja inatosha. Awape na kopo lenye tundu jembamba kwenye mfuniko, la kutumbukizia nyembe zilizokwisha, ili usikutwe wembe hata mmoja dirishani. Sisi tumetengeneza la kwetu kwa kopo la maziwa ya unga, na likijaa litazikwa kwenye shimo refu.

La pili ni kwa akina baba wa parokia zetu. Wembe usichangiwe, hilo halina mjadala. Kiti je? Mtoto wako wa miaka 15 ana wembe wake mpya kwenye karatasi yake, wewe una wako, na uani kuna jua la Jumamosi. Kama hukufundishwa, njoo tujifunze pamoja. Mzee wa Kamachumu bado yupo, na anapenda wageni wanaokuja na sukari.

Tumesema mama yule alikwenda zake akicheka. Wiki mbili baadaye, likizo ikiwa ukingoni, alirudi, safari hii bila ndoo. Nyuma yake alikuwa mvulana mrefu, mjukuu wake, anayesoma kidato cha tatu, ambaye amemlea tangu akiwa mdogo. Kijana alikuwa anatazama chini, mkono umefunika kidevu. Mama alifungua ncha ya kitenge, akatoa wembe mpya katika karatasi yake, akamkabidhi yule bingwa wetu wa povu kwa mikono miwili. "Kasinge waitu," alisema. "Mimi mwanamke, hili siliwezi."

Tulimketisha kwenye kigoda. Tukamwambia afumbe macho apapase shavu lake, atuambie ndevu zinalalia wapi. Alipapasa muda mrefu, uso umejikunja kwa umakini. Kisha akauliza kama lazima zilale upande mmoja.